Akiba ya Mguu wa Kulia

Historia ya muziki, kama ilivyozoeleka kuandikwa, ni historia ya mikono na vinywa. Tunasoma juu ya vidole vya mpiga gitaa, mapafu ya mpiga tarumbeta na koo la mwimbaji. Mguu hutajwa kwa nadra, na ukitajwa huwa ni kwa ajili ya kucheza au kuhesabu mapigo. Hata hivyo, ipo ala moja iliyoupa mguu kazi kubwa kiasi kwamba asiyeielewa kazi ya mguu huo hawezi kuielewa ala yenyewe. Ala hiyo ni gitaa la stili lenye pedali, lile tunalolisikia katika muziki wa kantri wa Marekani, ambalo sauti yake hupanda na kushuka kama mtu anayejizuia kulia.

Katika kurasa hizi nakusudia kueleza habari za chombo kidogo kinachokaa chini ya mguu wa kulia wa mpiga gitaa hilo, yaani pedali ya sauti, na namna ya kuichagua. Msomaji anaweza kuniuliza: mwalimu mstaafu wa Tanzania na vyombo vya Nashville wapi na wapi? Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu mahali pake. Kwanza tuitazame ala.

Gitaa la stili halipakatwi. Husimama kama meza nyembamba yenye miguu ya chuma, nyuzi zikitazama juu, na mpigaji huketi nyuma yake. Kwa kawaida shingo moja huwa na nyuzi 10. Mkono wa kushoto hushika kipande cha chuma kizito, cha mviringo na laini, kinachotelezeshwa juu ya nyuzi bila kuzigandamiza kwenye ubao. Mkono wa kulia huchonoa. Mguu wa kushoto hukanyaga pedali, mara nyingi tatu, ambazo kwa kupitia vyuma vyembamba huvuta baadhi ya nyuzi na kubadili sauti zake. Magoti nayo hayakuachwa yapumzike: chini ya meza huning'inia nyenzo ambazo magoti huzisukuma kushoto na kulia. Unabaki mguu wa kulia, nao una pedali yake peke yake. Hii haikuungwa na gitaa kwa chuma bali kwa waya wa umeme, na haibadili sauti kuwa ya juu au ya chini. Kazi yake ni moja tu: kuamua ni kiasi gani cha sauti kitoke.

Asili ya mtindo huu ni visiwa vya Hawaii. Anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wake ni Joseph Kekuku, aliyezaliwa mwaka 1874 katika kijiji cha Lāʻie, kisiwani Oahu. Husimuliwa kwamba katika miaka ya 1880, akiwa bado kijana mdogo, alitelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi za gitaa na kuipenda sauti aliyoisikia. Wengine husema kilikuwa bolti ya reli, wengine kitana, wengine kisu. Alizidi kuunoa ustadi huo akiwa mwanafunzi katika shule ya Kamehameha mjini Honolulu. Mimi niliyeishi maisha yangu yote shuleni hufurahi kila ninapolikumbuka jambo hilo. Bweni la wavulana ni maabara ambayo haimo katika mtaala. Mwaka 1904 Kekuku aliondoka Hawaii kwenda Marekani bara, akapiga na kufundisha huko hadi alipofariki mwaka 1932. Baada ya maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915, muziki wa Hawaii ulienea nchi nzima, na gitaa la kutelezesha chuma likaenea pamoja nao.

Gitaa hilo la mbao lilikuwa na udhaifu mmoja: halikusikika katikati ya bendi kubwa. Ndiyo maana gitaa la kwanza la umeme kufanikiwa sokoni lilikuwa la stili. Liliuzwa kuanzia mwaka 1932 na kampuni ya Rickenbacker ya Los Angeles, likapewa jina la utani la Kikaango kwa sababu ya umbo lake. George Beauchamp, aliyelibuni, alipewa hataza yake mwaka 1937. Watu wengi huona kwamba umeme ulileta makelele tu. Mimi naona ulileta jambo kubwa zaidi: kwa mara ya kwanza nguvu ya kuchonoa uzi na ukubwa wa sauti vilitengana. Mtu aliweza kuchonoa kwa nguvu na sauti itoke ndogo, au kuchonoa taratibu na sauti ijaze ukumbi. Tangu hapo likazuka swali jipya: ni kiungo gani cha mwili kitakachoisimamia sauti?

Wapigaji wa mwanzo walikipa kazi hiyo kidole kidogo cha mkono wa kulia. Vidole vingine vilichonoa huku hicho kikizungusha kitasa cha sauti kwa wakati uleule. Ilikuwa kazi ya kiinimacho, na si kila mkono uliiweza. Jibu lililodumu lilikuwa mguu. Miongoni mwa kampuni za awali zilizouza pedali za sauti za gitaa ni Rowe ya Toledo, Ohio, iliyotengeneza vifaa vilivyobuniwa na Harry DeArmond. Mojawapo ya pedali zao ilikuwa na maajabu yake: ukiikanyaga mbele na nyuma ilibadili ukubwa wa sauti, na ukiipeleka kushoto na kulia ilibadili ung'avu wake.

Hata hivyo, wazo lenyewe halikuzaliwa Toledo. Mwaka 1712 fundi wa vinanda aliyeitwa Abraham Jordan alikamilisha kinanda cha kanisa la St Magnus the Martyr, karibu na Daraja la London. Kabla ya hapo mabomba ya kinanda yalilia kwa kiwango kilekile, ukiponda kitufe au ukikigusa taratibu. Jordan aliweka baadhi ya mabomba ndani ya sanduku lenye mlango uliofunguliwa kwa mguu. Mlango ukifunguka, sauti huvimba. Ukijifunga, sauti husogea mbali kana kwamba waimbaji wameingia chumba cha pili. Mwaka 1935 Laurens Hammond alipoanza kuuza kinanda chake cha umeme, nacho kilikuja na pedali ya namna hiyo chini ya mguu wa kulia. Kwa hiyo mpiga stili aliyekanyaga pedali yake mjini Nashville alikuwa mrithi wa mpiga kinanda wa London.

Na hapa ndipo mimi ninapoingia. Mwaka 1972, nikiwa mwanachuo katika chuo cha ualimu, nilijifunza kupiga kinanda cha kukanyaga, kile cha matete ya shaba ambacho wamisionari walikisambaza kila walikofika. Miguu yote miwili husukuma mivukuto. Kando ya goti la kulia huning'inia ubao mdogo. Ukiusukuma kwa nje, vibao vilivyofunika matete hufunguka na sauti hukua. Mwalimu wetu alikuwa na kanuni moja aliyoirudia kila Jumanne. Alisema ubeti wa kwanza goti lisifunguke zaidi ya nusu, kwa sababu wimbo una beti nyingine na waimbaji wana roho moja tu. Baadaye nilifundisha fizikia kwa miaka mingi, kisha nikawa mkuu wa shule, na goti hilo likapumzika. Sikujua kwamba ningeulizwa habari zake nikiwa na umri wa miaka sabini na ushee.

Aliyeniuliza ni mjukuu wangu, anayeishi Texas, ambaye ni fundi wa mitambo ya kupoza hewa. Mfanyakazi mwenzake alimwonyesha gitaa la stili, naye akanunua lililotumika. Siku za Jumapili alilipiga katika usharika wa watu wa Afrika Mashariki na Kongo wanaoabudu kwa Kiswahili. Mwaka 2023 alinipigia simu, na baada ya shikamoo niliona kwamba ana jambo. Wazee wa kwaya walikuwa wamekaa kikao. Mama mmoja, mwimbaji wa sauti ya kwanza, alikuwa amemwambia, "Mwanangu, gitaa lako linatufunika." Wakampa hadi Krismasi. Ikiwa halikutulia, lingeondolewa.

"Babu," aliniambia, "nimeweka akiba ninunue pedali nzuri ya sauti. Zipo za aina tatu au nne, na bei zinatofautiana sana. Wewe ulifundisha fizikia na ulipiga kinanda. Ninunue ipi?"

Nilimwomba siku chache, nikachukua daftari. Nayaeleza hapa niliyoyapata kwa mpangilio niliomwandikia, kwani naamini yatamfaa yeyote anayetaka kununua chombo chochote, hata kama hatagusa gitaa maishani mwake.

Jambo la kwanza si umeme bali goti. Mpiga stili huketi, na goti lake la kulia huwa katikati ya nyenzo mbili. Pedali ikiwa na kimo kirefu, goti hupanda, likagusa wenzo pasipokusudiwa, na uzi mmoja ukaenda pasipotakiwa. Kwa hiyo anayechagua aketi kwenye gitaa lake mwenyewe, avae viatu anavyopigia, aikanyage pedali kutoka mwanzo hadi mwisho, na atazame goti. Pedali iliyotengenezwa kwa ajili ya mpiga gitaa anayesimama inaweza kuwa imara na nzuri, lakini isimfae anayeketi. Wapo mafundi waliotengeneza pedali fupi kwa ajili ya stili hasa, na kampuni ya Goodrich ni miongoni mwa zile ambazo wapigaji walizitegemea kwa miaka mingi.

Jambo la pili ni kinachozunguka ndani. Katika pedali za kawaida mguu huvuta uzi mwembamba, na uzi huo huzungusha kitu kilekile kilicho nyuma ya kitasa cha redio, ambacho mafundi wetu hukiita volyumu. Pedali za Ernie Ball, kwa mfano, huendeshwa kwa uzi. Ndani ya volyumu kuna utepe wa kaboni na ulimi wa chuma unaopita juu yake. Redio ya nyumbani huzungushwa mara mbili au tatu kwa siku. Mguu wa mpiga stili huuzungusha mara mamia katika wimbo mmoja. Utepe huchubuka, vumbi huingia, na pedali huanza kukwaruza kama kuku kwenye majani makavu. Uzi nao hukatika, na hauchagui siku. Kwa upande mwingine, uzi ni rahisi kufunga upya na volyumu haina bei kubwa. Mtu mwenye bisibisi na chuma cha kuchomelea risasi hawezi kukwama.

Jambo la tatu ni jinsi sauti inavyokua chini ya mguu. Sikio halipimi kama rula. Ili tuone sauti imepanda hatua zilizo sawa, nguvu ya umeme inapaswa kuzidishwa kwa kiasi kilekile kila hatua, si kuongezwa. Kwa hiyo utepe wa volyumu ya sauti hutengenezwa ili mwanzoni ubadilike kidogo na mwishoni ubadilike sana. Ukiweka volyumu isiyo ya aina hiyo, mguu huona kila kitu kinatokea katika sentimita ya kwanza, na sehemu iliyobaki ya mwendo haina kazi. Mpigaji atajilaumu kwamba ana mguu mzito, kumbe ni utepe.

Jambo la nne ndilo lililonikalisha na daftari hadi usiku. Mjukuu wangu alinieleza kwamba pedali ikiwa katikati, gitaa hulia kama limefunikwa blanketi. Alinitumia sauti alizorekodi nizisikilize. Nilizisikiliza, lakini masikio ya mzee hupoteza kwanza sauti nyembamba, na sauti zilizokuwa zikipotea ni hizohizo. Kwa hiyo niliacha kusikiliza, nikahesabu.

Pedali yake ilikuwa na volyumu ya omu 500,000. Ulimi ukiwa katikati ya utepe, umeme unaotoka hukutana na ukinzani unaokaribia robo ya kiasi hicho, yaani omu 125,000. Baada ya hapo umeme hupita katika waya hadi kwenye amplifaya. Waya wa gitaa una uzi wa ndani na ngao ya nje, na viwili hivyo kwa pamoja ni kapasita, takriban pikofaradi 100 kwa kila mita. Nilimwuliza urefu wa waya wake kutoka kwenye pedali. Akanijibu mita 6. Ukinzani na kapasita vikikutana hivyo huwa chujio: sauti nene hupita, sauti nyembamba huzuiwa. Hesabu yangu ilionyesha kwamba chujio lake lilianza kukata mnamo mitetemo 2,100 kwa sekunde. Hapo juu ndipo penye ule ung'avu wa chuma juu ya uzi, unaofanya stili iitwe stili. Alipokanyaga hadi mwisho ukinzani ule wa katikati uliondoka, na ung'avu ukarudi.

Hapo nikaelewa kisa chote cha kikao. Kijana huyu hakuwa na kiburi wala hakuwa kiziwi. Alipopiga taratibu hakujisikia, kwa sababu sauti yake ilipoteza ncha. Ili ajisikie, alikanyaga. Alipokanyaga aliifunika kwaya. Nikamwuliza amplifaya yake iko wapi. Ilikuwa nyuma ya safu ya kina mama, kwa sababu ndipo palipokuwa na soketi ya umeme. Mita 6 za waya zilikuwa zinaichukua sauti, zinaifubaza, kisha zinaipeleka moja kwa moja kwenye visogo vya wale waliolalamika.

Nilimshauri kwamba kabla ya kununua chochote atafute waya wa umeme wa kuongeza urefu, aisogeze amplifaya ubavuni mwake, na waya wa kutoka kwenye pedali uwe wa mita 2. Kwa waya huo chujio huanza kukata mnamo mitetemo 6,400. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko chakula cha mchana cha watu wawili huko aliko.

Zipo dawa nyingine, na haki itendeke zitajwe. Volyumu ya omu 250,000 hupunguza ukinzani wa katikati kuwa nusu, lakini humlemea mnasa mitetemo wa sumaku uliomo kwenye gitaa, ambao katika gitaa la stili umezungushiwa waya mwingi sana, na ung'avu hupungua hata pedali ikiwa wazi. Hakuna ushindi wa bure. Njia nyingine ni kuweka kifaa kidogo cha umeme baina ya gitaa na pedali, kinachopokea sauti dhaifu na kuitoa ikiwa na msukumo. Baada yake mtu anaweza kutumia volyumu ya omu 25,000, na waya hauna tena nguvu ya kuchuja. Njia ya mwisho ndiyo aliyoitamani mjukuu wangu. Keith Hilton alitengeneza pedali isiyo na volyumu wala uzi: mguu hubadili kiasi cha mwanga usioonekana unaokifikia kipokezi chake, na mwanga huo ndio unaoamuru sauti. Hakuna kitu kinachosuguana, kwa hiyo hakuna cha kuchubuka, na sauti hutoka na msukumo wake. Lakini huhitaji umeme wake yenyewe, bei yake ni kubwa, na siku ikikataa, bisibisi haitoshi.

Kila mojawapo ya pedali hizi ni jibu la kosa la ile iliyoitangulia. Kitasa kilishindwa, ikaja pedali. Utepe ulichubuka, ukaja mwanga. Waya ulichuja, kikaja kifaa cha kusukuma. Kwa hiyo anayechagua asiulize ipi ni bora, maana swali hilo halina mwisho. Aulize ni kosa lipi linalomsumbua yeye, na ni usumbufu gani mpya yuko tayari kuishi nao.

Lakini pedali yoyote, ya uzi au ya mwanga, haimfundishi mtu matumizi yake. Wengi hudhani kazi yake ni kuongeza na kupunguza sauti, kama jina lake lilivyo. Mpiga stili aliyekomaa huitumia kwa jambo jingine. Uzi uliochonolewa hulia kwa nguvu mara ya kwanza, kisha hufifia. Hiyo ni sheria ya maumbile, na hakuna wa kuibatilisha. Mpigaji huchonoa pedali ikiwa karibu na nusu. Uzi unapoanza kufifia, mguu husonga mbele polepole kwa kadiri ileile uzi unavyopungua, na msikilizaji husikia sauti iliyosimama, isiyozeeka, kana kwamba ni ya zeze au ya mwanadamu. Kile tunachokiita kilio cha stili ni mguu unaotoa akiba yake kidogokidogo. Anayeanza akiwa amekanyaga hadi mwisho hana cha kutoa, na sauti yake hufa mbele ya watu.

Historia inatuonyesha thamani ya sauti hiyo iliyosimama. Mwaka 1948 fundi Paul Bigsby wa California alimtengenezea Speedy West gitaa la stili lenye pedali za kubadili sauti za nyuzi. Pedali za namna hiyo zilitumiwa na wengi kuhama kutoka mpangilio mmoja wa nyuzi hadi mwingine. Kisha Bud Isaacs akapiga katika wimbo wa Webb Pierce uitwao "Slowly", uliorekodiwa mwaka 1953 na kushika nafasi ya kwanza mwaka 1954. Isaacs alikanyaga pedali huku nyuzi zikiwa bado zinalia, sikio likasikia sauti moja ikipanda kuingia mahali pake na nyingine zimetulia. Ili jambo hilo lisikike, lazima nyuzi ziwe hai muda wa kutosha, na anayezihifadhi hai ni mguu wa kulia. Baada ya hapo wapigaji wengi walitaka pedali. Shot Jackson na Buddy Emmons walianzisha kampuni wakaiita Sho-Bud, kutokana na majina yao, na Emmons, aliyefariki mwaka 2015, akawa mwalimu wa kizazi kizima bila kuwa na darasa.

Wala ala hii haikubaki mikononi mwa watu weupe wa kusini mwa Marekani kama wengi wanavyodhani. Katika makanisa ya Weusi ya House of God, ndugu wawili, Troman na Willie Eason, waliingiza gitaa la stili katika ibada tangu miaka ya 1930, na hadi leo huko linaongoza nyimbo kama kinanda kinavyoongoza kwetu. Nchini Nigeria, Demola Adepoju alilipiga katika bendi ya King Sunny Adé, katikati ya ngoma zinazosema, kisha akasikika duniani kote katika wimbo wa Paul Simon uitwao "Graceland" wa mwaka 1986. Nilimweleza mjukuu wangu habari hizi ili akiketi mbele ya kwaya ya Kiswahili asijione amebeba mzigo wa watu wengine.

Nikitazama miaka yangu ya ukuu wa shule, naona kanuni hii ya nusu haikuwa ya muziki peke yake. Nimefanya kazi na wakuu waliofungua muhula kwa sauti kubwa kuliko zote walizokuwa nazo. Wiki ya kwanza shule ilitetemeka. Wiki ya sita, lilipotokea jambo la kweli la kukemea, hapakuwa na sauti nyingine ya juu zaidi, na wanafunzi walijua. Akiba haiozi, walisema wahenga. Lakini akiba ya sauti hutaka mtu aiweke siku ile anapoona ana haki ya kuitumia yote, na hiyo ndiyo siku ngumu.

Mjukuu wangu alisogeza amplifaya, akafupisha waya, akafanya mazoezi ya nusu kwa majuma matano akitumia pedali yake ya zamani. Krismasi ilipita na gitaa halikuondolewa. Yule mama wa sauti ya kwanza hakumsifu, ila alimwuliza kwa nini Jumapili moja hakuwapo. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata alinunua pedali kwa sababu goti lake lilikuwa bado linagonga wenzo. Alichagua iliyotumika, fupi, ya uzi na volyumu, akabadili volyumu yake, akanunua nyingine ya akiba pamoja na uzi wa kutosha. Angekuwa mtu wa kupiga kila usiku kwa ajira, ningemwambia anunue ya mwanga bila kuchelewa. Kwa mtu wa Jumapili, mwenye mikono ya fundi, naona alichagua sawasawa.

Fedha iliyobaki alinunua waya mwingine wa mita 2, kwa sababu waya nao hukatika.